Chokaa ya Kaburi

SEHEMU YA KWANZA

"Mwanangu, usingoje Jumapili. Panda gari kesho. Kaburi la babu yako linaliwa."

Shangazi alikata simu kabla sijamuuliza linaliwa na nini. Nilikuwa Bukoba mjini, kwenye chumba cha walimu, madaftari ya biolojia ya kidato cha pili yamejaa mezani. Asubuhi niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikashuka stendi na kubanwa kwenye Hiace ya Muleba katikati ya magunia na ndoo za senene.

Novemba ilikuwa imeingia na mvua za vuli zimeshika. Tulipita Kemondo, ziwa likiwa la kijivu upande wetu wa kushoto, tukafika Muhutwe, tukaiacha barabara kuu na kuanza kupanda kuelekea Kamachumu. Migomba ilikuwa inadondosha maji pande zote mbili za njia. Nilipoingia uani, Shangazi hakunipa hata nafasi ya kutua mkoba. Alinishika mkono, tukazunguka nyumba.

Sisi Wahaya wengi wetu huwazika wazee wetu ndani ya kibanja, kati ya migomba na mibuni waliyoipanda wenyewe. Kaburi la babu lilisakafiwa kwa saruji, na mwanzoni mwa mwezi ule lilipakwa chokaa nyeupe kwa ajili ya misa ya kumbukumbu. Sasa upande wake wa chini, ule unaotazama kijito, weupe ulikuwa umetoweka kwa vipande. Haukuwa umebanduka kama rangi iliyopakwa vibaya. Ulikuwa umeondolewa kwa mistari myembamba iliyokwenda kulia, ikarudi kushoto, ikapinda, ikapanda juu. Ukisimama mbali kidogo, ungeapa kuna mtu ameandika.

"Jana ilifika hapa," Shangazi alisema, akaonyesha kwa kidole. "Leo imefika hapa. Kila usiku inasogea."

Nyuma yetu nilisikia kikohozi. Baba mdogo alikuwa ameshafika kutoka dukani kwake mjini, amevaa koti lake la heshima.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwalimu. Umejionea mwenyewe. Wenyewe walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hii ni kazi ya mtu, na huyo mtu tunamjua."

Hakumtaja, lakini macho yake yalivuka mpaka wa kibanja na kutua kwenye paa la bati lililoshika kutu, nyumba ya bibi mmoja mjane aliyeishi peke yake. Tangu utotoni nilimjua kama jirani wa kimya, mwenye mikungu mikubwa kuliko ya wengine kila msimu. Siku hizi, Baba mdogo alisema, watu wamemwona usiku akitembea na taa kandokando ya kaburi. Migomba yetu imekuwa ya njano, yake inanenepa. Jumapili baada ya misa ukoo utakaa. Ataambiwa ahame, na kibanja chake kirudi kwenye ukoo.

Moyo ulinienda mbio. Katika nchi yetu, hasa huku Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa maneno kama hayo. Huanza na mtu mmoja kusema "tunamjua", na huishia kwa jeneza.

Nilichuchumaa kando ya kaburi. Kwa karibu, kila mstari ulikuwa umefanywa na mikwaruzo midogo iliyopangwa sambamba, mmoja baada ya mwingine, yote upana mmoja. Juu ya saruji iliyobaki wazi kulikuwa na utando mkavu uliong'aa nilipoinamisha kichwa. Kisha, kwenye pembe ya kaburi, nikaona vijinyuzi vidogo vilivyojiviringa. Niliviokota na kuvisugua kati ya vidole. Vilisagika vikawa unga mweupe. Vilikuwa vinyesi, na rangi yake ilikuwa rangi ya chokaa.

Jibu lilinijia, ila sikulitamka. Mbele ya mkutano wa ukoo neno la mwalimu kijana si kitu bila ushahidi wa macho. Ilibidi nione kwanza.

Usiku ule mvua ilikatika kama saa tatu. Nilijifunika kanga, nikajibanza chini ya mbuni, tochi nimeizungushia kitambaa ili isiangaze mbali. Giza la kibanjani ni zito. Majani ya migomba yanafunga mpaka mbingu. Nilisubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Ndipo nikasikia: kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ndogo, kavu, isiyo na haraka, ikitoka kwenye kaburi la babu.

Nilikuwa naanza kujisogeza pale taa ilipowaka upande wa mpakani. Ilikuja ikiyumba polepole kati ya migomba. Aliyeishika alikuwa ameinama, na mkono wa pili umebeba ndoo. Alifika kaburini, akapiga magoti, akanyoosha mkono juu ya ile saruji, akabandua kitu. Akakitia ndooni. Ko! Akabandua kingine. Ko!

Nyuma yangu kijiti kikavunjika.

Niligeuka. Hatua chache kutoka nilipojibanza alikuwa amesimama Baba mdogo, bila koti safari hii, panga mkononi. Hakuwa ameniona. Macho yake yalikuwa kwenye ile taa, na alikuwa ameanza kutembea.

ITAENDELEA

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Mwalimu amejificha kibanjani usiku ili ajue nani anakula chokaa ya kaburi la babu yake. Bibi jirani ametokea na taa na ndoo. Nyuma ya Mwalimu, Baba mdogo anamwendea Bibi akiwa na panga. SASA ENDELEA.

Sikuwa na muda wa kufikiri. Nilivua kitambaa kwenye tochi, nikaruka katikati ya njia na kupaza sauti kwa nguvu zangu zote: "Baba, shikamoo!"

Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuiacha salamu hiyo hewani. "Marahaba," alijibu, neno likamtoka lenyewe, na mkono wa panga ukashuka. Bibi naye aligeuka. Mwanga wa tochi ukaingia moja kwa moja ndani ya ndoo yake.

Ilikuwa imejaa konokono. Wakubwa wenye magamba ya kahawia yenye michirizi, wadogo wembamba waliochongoka, wote wametoa pembe zao na wanapandiana kutafuta njia ya kutokea.

"Ushahidi huo!" Baba mdogo alifoka. "Anafuga wadudu wa kichawi wamle baba yangu! Jumapili utajibu, mama, mbele ya watu wote." Akageuka, akaondoka kwa hasira, panga likikata majani njiani.

Bibi hakuwa na la kumjibu. Aliniangalia, akasema taratibu, "Umekua, mjukuu wangu. Njoo unywe chai."

Nyumbani kwake, mabata waliamka mara moja waliposikia ndoo ikitua. Aliwamwagia kiasi, wakagombania. Kisha akanionyesha kinu. Ndani yake kulikuwa na magamba matupu yaliyopondwa, yamechanganywa na majivu ya jikoni.

"Haya nayamwaga kwenye mashina ya migomba," alisema. "Mama yangu alifanya hivyo. Wanasema nalogea ardhi. Mimi nailisha."

Nilitamani wanafunzi wangu wote wangekuwepo. Bibi huyu ambaye hakumaliza darasa la nne alikuwa ametatua kwa mikono yake jambo ambalo vitabu vinalieleza kwa kurasa nyingi. Ukanda wetu wa Bukoba, hasa ule wa karibu na ziwa, hupata mvua nyingi mno, kwenye maeneo mengine zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo wake ulitokana na mawe ya mchanga ambayo tangu mwanzo yalikuwa na madini machache, na mvua ya karne na karne imeyaosha hata hayo machache. Udongo ukawa na asidi, na kalsiamu ikapungua. Kibanja cha Mhaya kimeishi kwa sababu wazee waliulisha udongo kwa mkono: samadi ya ng'ombe, nyasi zilizokatwa rweya, yaani kwenye mbuga ya nyasi, majivu, maganda ya ndizi. Palipokosa mkono huo, migomba ilinyong'onyea.

Sasa fikiria konokono. Gamba lake karibu lote ni kalsiamu kaboneti, madini yale yale yaliyomo kwenye mawe ya chokaa. Hulijenga mwenyewe, likiongezeka ukingoni mwa mdomo wake kadiri anavyokua, na mayai ya hawa wakubwa nayo yana ganda la chokaa. Kama udongo haumpi, atatafuta kwingine: mfupa uliotupwa, gamba la mwenzake aliyekufa, ukuta uliopakwa rangi. Chokaa tunayopaka ikikauka hunyonya hewa na kurudi kuwa madini hayo hayo. Kwa konokono mwenye njaa ya kalsiamu, kaburi la babu lilikuwa chakula kilichoandaliwa na sisi wenyewe.

"Na meno je?" Bibi aliuliza. "Mimi husikia wanakwaruza, lakini meno siyaoni."

"Yamo kwenye ulimi, Bibi. Ni utepe unaoitwa radula, una maelfu ya vijino vidogo sana. Anautoa, anakwangua, anaurudisha. Vya mbele vikichakaa vingine vinasogea kutoka nyuma."

Alitikisa kichwa, akanipa na yeye ujuzi wake. Aliniambia kila konokono hutaga, hakuna jogoo wala tetea, kwa sababu amewahi kuwatenga wawili waliokuwa wameshikana na wote wawili wakataga kwenye udongo. Ni kweli. Konokono hawa kila mmoja ana sehemu za kiume na za kike. Yule mkubwa wa pwani ya Kenya na Tanzania anayeitwa Lissachatina fulica anaweza kutaga mayai 100 hadi 400 kwa mkupuo, ndiyo maana alipopelekwa na watu visiwani na mabara mengine aligeuka balaa. Mwaka 1966 mtoto mmoja aliwaleta watatu tu Miami, Marekani, kutoka Hawaii. Ilichukua takribani miaka 10 na fedha nyingi kuwamaliza, na zaidi ya 18,000 walihesabiwa.

"Kiangazi wanakwenda wapi?" nilimjaribu.

"Hawaendi popote. Wanajifungia." Alitoa gamba moja lililokuwa na utando mgumu mdomoni. "Hulala hivi mpaka mvua. Ukimwagia maji leo, jioni anatembea. Na ukiona kidudu cheusi kinachowaka mkiani kimeingia humu ndani, jua ni mtoto wa kimulimuli, anamla akiwa hai."

Alichagua wawili wa aina moja, akawaweka mezani. Mmoja alikuwa na michirizi myeusi, mwingine amepauka. "Ndugu hawa, mbona hawafanani?"

Swali hilo hilo lilimshughulisha Denis Owen wa Makerere, ng'ambo ya ziwa letu, alipochunguza konokono wa jamii ya Limicolaria mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aligundua kwamba penye konokono wengi waliosongamana rangi huwa nyingi, na pale walipo wachache na wametawanyika karibu wote hufanana. Maelezo aliyoyatoa ni kwamba ndege huzoea kuwinda rangi inayoonekana sana. Penye msongamano, aliye tofauti hupona.

Bibi alicheka kwa mara ya kwanza usiku ule. Halafu uso ukarudi kuwa mzito. "Jumapili hawatanisikiliza, mjukuu wangu. Kuna jambo moja tu linanisumbua. Kila usiku nawaokota, na kila usiku wapo wengine. Zamani nilikuwa nawatupa kijitoni, wanarudi. Wanatoka wapi?"

Hapo nikamkumbuka Ruth Brooks, bibi mstaafu wa Devon, Uingereza, ambaye mwaka 2010 alishinda shindano la BBC la wanasayansi wasio wa kazi kwa kujibu swali kama hilo. Konokono wa bustanini kwake aliwapaka rangi ya kucha kwenye magamba, akawahamisha umbali tofauti, akaona kwamba wengi wa karibu walirudi. Konokono hawaoni mbali. Macho yao yaliyo kwenye ncha za pembe ndefu hutofautisha tu mwanga na giza. Masikio hawana kabisa. Lakini wananusa vizuri, na wanaufuata ute wao wenyewe kurudi walikolala jana.

Jumamosi usiku nilichukua rangi nyekundu ya Shangazi, nikaenda na Bibi kaburini. Safari hii hatukuokota hata mmoja. Kila aliyepanda kwenye chokaa nilimtia doa dogo juu ya gamba, akaendelea kula bila kujali. Tukakaa, tukanyeshewa, tukakausha tochi kwa upindo wa kanga.

Alfajiri, majogoo ya kwanza yalipowika, walianza kushuka. Walitawanyika kidogo kwenye majani makavu kisha, mmoja baada ya mwingine, wakashika mwelekeo mmoja. Niliwafuata kwa magoti. Hawakwenda mpakani kwa Bibi. Walikwenda upande wa nyumba yetu ya zamani, ile ambayo babu aliihama baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 kuipasua msingi. Kwenye ule ufa, mpana wa kuingiza ngumi, madoa mekundu yalikuwa yanazama gizani.

Niliingiza tochi. Magamba yalikuwa yamepangana kwenye mawe, mamia. Katikati yao, limejaa ute na kutu, lilikaa kopo la biskuti lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Kifuniko kilikuwa kimebonyezwa na jiwe, upande mmoja umeachama.

Bibi aliliona, akaketi chini kwenye matope.

"Alisema aliliteketeza," alinong'ona. "Babu yako aliniapia kwamba aliliteketeza."

ITAENDELEA

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Konokono waliotiwa alama wamewaongoza Mwalimu na Bibi hadi kwenye ufa wa nyumba ya zamani, ambamo kuna kopo la biskuti. Bibi anasema marehemu alimwapia kwamba aliliteketeza. SASA ENDELEA.

Nilimuuliza mara tatu kuna nini ndani. Mara tatu akasema, "Usilifungue mbele yangu." Nililifunga kwenye kanga, nikampa Shangazi alitunze bila kumweleza zaidi. Alipoliona kopo alinyamaza muda mrefu, akalisukumia chini ya kitanda chake na kukaa juu ya kitanda hicho mpaka kengele ya kanisa ilipolia.

Baada ya misa uwanja ulijaa. Wazee walikaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka chini ya ukumbi, vijana wakasimama kuzunguka, baadhi yao na fimbo. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na daftari lake. Bibi alikaa peke yake kwenye kigoda, ndoo miguuni.

Baba mdogo alizungumza vizuri, lazima nikiri kipaji chake. Alieleza maandishi ya kaburini, taa ya usiku, migomba inayonenepa, ndoo ya wadudu. Akamalizia kwamba kibanja cha Bibi kilikuwa cha ukoo tangu zamani, baba yake hakuwahi kumkatia mtu, na sasa kirudi.

Mwenyekiti alisimama kabla makofi hayajapigwa. "Waitu, niwakumbushe jambo moja. Sheria ya Uchawi inamshika pia anayemtuhumu mwenzake kuwa ni mchawi. Atakayelitamka neno hilo hapa nitaliandika, na jina lake nitaliandika."

Uwanja ukatulia. Niliomba ruhusa ya kusema, nikapewa.

Asubuhi ile nilikuwa nimekwangua chokaa kavu kidogo kaburini, nikaikoroga kwa uji mwepesi na kuipaka kwenye kioo cha dirisha kilichotolewa kwenye nyumba ya zamani. Kilikuwa kimeshakauka, cheupe chote. Mawingu yalikuwa yametanda, mambo yakanisaidia. Nilichukua konokono mwenye doa jekundu, nikamlowesha, nikamweka juu ya kioo, nikaomba vijana wawili wakishike juu ya vichwa vya wazee.

"Tazameni kwa chini," nilisema.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Mtu alicheka pembeni. Baba mdogo aliangalia saa. Kisha gamba likainuka, pembe ndefu zikatoka, zile fupi za chini zikagusa kioo, na unyayo wake mpana ukaanza kwenda kwa mawimbi madogo yaliyotembea kutoka mkiani hadi kichwani. Mdomo ukafunguka. Kilitoka kiulimi cha rangi ya nyama, kikalamba juu mara moja, kikarudi. Pale kilipopita kioo kilikuwa wazi, na mtu angeweza kuona mbingu. Kikatoka tena. Kichwa kikaenda kulia, kikarudi kushoto, mkwaruzo kando ya mkwaruzo, mpaka kwenye kioo ukaonekana mstari ule ule uliokuwa kaburini.

Mzee mmoja aliyekuwa ameshika fimbo aliiweka chini ili avae miwani. Mwingine akasema, "Kumbe huyu!" Vijana wakasukumana kuchungulia. Mama mmoja aliita watoto wake.

"Huyu analeta kichocho!" kijana mmoja alipaza sauti.

"Hapana," nilijibu. "Wa kichocho wanaishi majini, ziwani na kwenye madimbwi, na ni wadogo. Huyu ni wa nchi kavu, anavuta hewa kwa pafu. Lakini ukimshika nawa mikono kwa sabuni, na watoto wasimtie mdomoni, maana anaweza kubeba minyoo mingine."

Nikaendelea, kwa sababu nilitaka lisikike na kila mtu. Niliwaambia kwamba mwaka 1890, Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, alikuwa na mwanazoolojia aliyeitwa Franz Stuhlmann, mkusanyaji wa viumbe. Niliwaambia kwamba mwaka 1897 Eduard von Martens wa makumbusho ya Berlin alichapisha kitabu kizima kuhusu konokono na chaza wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Watu wa mbali waliinama kuwatazama viumbe hawa zaidi ya miaka 120 iliyopita. Sisi tunaolala nao kibanja kimoja tulipoona alama zao, tulitafuta mtu wa kumfukuza.

"Konokono hawa hawakutumwa," nilisema. "Wana njaa, kwa sababu udongo wetu una njaa. Migomba yetu ni ya njano kwa njaa hiyo hiyo. Bibi huyu ameponda magamba na kuyarudisha ardhini, ameweka majivu, ameweka samadi. Badala ya kumhamisha, twende kwake tukajifunze. Na Maruku, hapo karibu na Bukoba, kuna kituo cha utafiti wa kilimo. Tupeleke udongo wetu ukapimwe, tuambiwe unahitaji chokaa kiasi gani. Chokaa tuliyompa marehemu, tuwape na walio hai."

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye hoja nyingine juu ya kaburi. Hakuna aliyesimama. Wanawake walianza kumsogelea Bibi, mmoja akamshika bega. Nilidhani yamekwisha.

Baba mdogo akainuka. Uso wake ulikuwa umebadilika. Ile sauti ya mahubiri ilikuwa imekwisha.

"Sawa. Konokono wamekula chokaa. Lakini hawakumpa mtu ardhi. Huyu mama akae kwa hati gani? Aonyeshe karatasi. Asipokuwa nayo, kibanja ni cha ukoo, na mkubwa wa ukoo aliyebaki ni mimi."

Bibi aliinamisha kichwa. Hakuwa na karatasi.

Ndipo Shangazi alipotoka ndani. Alikuwa amelibeba lile kopo kwa mikono miwili. Alipita katikati ya watu, akaliweka mezani mbele ya mwenyekiti, akakata kamba ya mgomba kwa kisu cha jikoni. Konokono wadogo watatu walikuwa wameng'ang'ania ndani ya kifuniko. Chini yao palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Mwenyekiti aliifungua polepole ili isichanike. Nilichungulia begani kwake, na tumbo likanikata. Konokono hula karatasi. Imetokana na nyuzi za mimea, na kwao ni chakula kama jani lililokauka. Tangu tetemeko liachamishe kifuniko, walikuwa wameingia na kutoka humo msimu hadi msimu. Ukingo wote wa kulia ulikuwa umekwanguliwa, na katikati palikuwa na tundu la upana wa kidole gumba.

Mwenyekiti alisoma kwa sauti, akiruka palipoliwa. Ulikuwa mwandiko wa babu. Yeye, akiwa na akili timamu, anamkatia kibanja cha chini, kuanzia mbuni wa mpakani mpaka kijitoni, mtu aitwaye...

"Jina limeliwa," alisema.

"Endelea," Shangazi alimwambia.

"...kiwe chake na cha uzao wake, na mama yake akae humo mpaka kufa kwake, pasiwe na wa kumtoa, kwa sababu huyu ni damu yangu."

Minong'ono ilipita uwanjani. Mwenyekiti aligeuza karatasi. Nyuma, ambako konokono hawakufika, kulikuwa na madole gumba mawili ya mashahidi, ya wino wa bluu, na chini ya kila moja jina limeandikwa. La kwanza lilikuwa la Shangazi. La pili aliliangalia kwa muda, kisha akamwangalia Baba mdogo.

"Umesema baba yako hakuwahi kumkatia mtu. Dole hili ni la nani?"

Baba mdogo alirukia meza. Kiti kikaanguka, vijana wakapiga kelele, na kabla mtu hajamdaka alikuwa ameshaikwapua karatasi na kuikunja ndani ya ngumi.

"Mwacheni!" Shangazi alisema. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alisimama alipokuwa. "Aichane akitaka. Konokono wamelila jina kwenye karatasi. Kwangu hawakulila. Nilikuwepo, nilitia dole, na marehemu alinifunga mdomo kwa kiapo mpaka siku ambayo watu watataka kumfukuza mama huyu. Siku hiyo ni leo."

Akanigeukia.

"Mwalimu, jina lililoliwa ni la marehemu baba yako. Na mama anayetajwa humo, aliyemzaa baba yako, si yule uliyeambiwa tangu utotoni..."

"Usiseme!" Bibi alipiga ukelele, akainuka kwenye kigoda. Ndoo ikapinduka.

Shangazi akanishika mkono, akafungua kinywa.

ITAENDELEA

Je, Bibi jirani ni nani kwa Mwalimu? Kwa nini babu alitaka siri hiyo ife naye, na Baba mdogo atafanya nini na karatasi iliyo mkononi mwake? Usikose sehemu ya nne Jumamosi ijayo.